Kesho Namfungia Pumzi

Inspekta alipofika mlimani, mtu aliyelala mtaroni alikuwa bado anapumua.

Alipiga magoti kwenye matope, akainamisha sikio. Pumzi ilikuwepo. Nyembamba, ya kukwaruza, lakini ilikuwepo. Ndani, nje. Ndani, nje. Nyumbani Inspekta alikuwa na mtoto anayenyonya, na tangu amzae hakuwahi kupitiwa na usingizi kabla ya kuinama hivyo hivyo juu ya kitanda na kusikiliza. Hakuizoea sauti ile. Kila mara ilimshangaza upya, kwamba kitu kidogo namna hiyo ndicho kinachobeba mtu mzima.

"Mbebeni kama yai," aliwaambia wenye machela.

Majeruhi alijulikana kwa jina la Mshale. Kazi yake ilikuwa kukusanya chupa za damu kwenye zahanati za pembezoni na kuzikimbiza maabara ya hospitali kabla hazijaharibika. Boksi lake la baridi lilikuwa limefunguka, chupa zimetawanyika kwenye nyasi zilizolowa manyunyu ya asubuhi. Hakuna hata moja iliyopasuka. Koplo alikuwa anaziokota kwa vidole viwili viwili, mdomo wazi.

Dereva wa lori la mchanga alikuwa amekaa juu ya jiwe.

"Uliona nini?" Inspekta alimuuliza.

"Mimi nilikuwa napanda, mzigo mzito, najikokota. Huyu bwana akatoka nyuma anipite. Basi linashuka, lakini liko mbali. Angepita, afande. Angepita hata akipiga miayo. Amefika usawa wa mlango wangu, pikipiki ikakohoa."

"Ikakohoa?"

"Khoo! Khoo! Kama mzee wa kifua. Ikatema moshi mweusi, ikanyamaza. Basi ndilo hilo limemfikia usoni. Akachagua mtaro."

"Moshi mweusi. Si mweupe?"

"Mweusi kama masizi ya sufuria."

Watu walikuwa wamejazana ukingoni mwa barabara, na wote walikuwa wanamtazama mtu mmoja: kijana mwembamba mwenye ovaroli, mikono imechanganyika grisi na damu. Huyo alikuwa ndugu wa mke wa majeruhi. Alikuwa na karakana ya pikipiki hapo chini ya mlima, na mafundi wenzake walimwita Sikio, maana alitambua ubovu wa injini kabla haijafika mlangoni.

"Ndiye huyo!" alipayuka mama muuza chai. "Shemeji yake mwenyewe! Mkamateni, mnangoja aote mabawa?"

Koplo alimsogelea Inspekta, akashusha sauti. "Alifika wa kwanza. Akamgeuza majeruhi ubavu ili apumue, akaita watu. Hapo hakukosea. Lakini kisha akaenda kwenye pikipiki. Kifuniko cha ubavuni kilikuwa kimebanduka. Akaingiza mkono, akachomoa kitu, akakitia kifuani. Akatimua mbio karakana, akarudi na ubao wa kumlalishia mtu."

"Kitu gani?"

"Nimempekua mpaka soksi. Hana kitu."

"Na huyu mama?"

"Anasema jana alimsikia kwenye simu. Alisema hivi," na Koplo alisoma kiganjani, alikoandika kwa kalamu, "'Kesho namfungia pumzi, yaishe.'"

Inspekta alimtazama Sikio. Kijana hakukwepa. Macho yake yalikuwa makavu, ya mtu aliyekwisha kuamua jambo.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti viwili na dirisha moja la juu.

"Wewe ndiye uliyeigusa pikipiki hiyo mara ya mwisho?"

"Ndiyo."

"Uliifanya nini?"

"Nilimbadilishia chujio la hewa. Lile la kiwandani limefungwa ndani ya boksi, linavuta kwa taabu. Nikamwekea la koni, liko wazi. Injini inapata hewa nyingi."

"Wanasema tangu hapo pikipiki haikutulia."

"Haikutulia."

"Kwa nini?"

Sikio alikwangua grisi iliyokauka kwenye kucha.

"Jana ulisema kwenye simu kwamba unamfungia pumzi, yaishe. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Ulichomoa nini ubavuni mwa ile pikipiki?"

Sikio aliinua macho kwenye dirisha la juu.

"Kijana, shemeji yako akifa, hilo ni kosa la kuua. Asipokufa, ni la kujaribu kuua. Dada yako ana kichanga. Unataka abaki bila mume na bila ndugu?"

Kwa mara ya kwanza uso wa Sikio ulitikisika. Akafumba macho. Alipoyafumbua, alisema taratibu, "Andika ni mimi, afande. Basi."

Inspekta alishusha kalamu. Alikwisha kusikia watu wengi wakiungama. Huungama kwa kulia, kwa hasira, kwa kujitetea. Hakuwahi kumwona anayeungama kama mtu anayesogeza sahani yake kwa mwenzake mwenye njaa.

Mlangoni alikutana na mkuu wa kituo.

"Amekiri?"

"Amekubali, mkuu. Hajakiri."

"Hicho ndicho Kiswahili cha wapi? Jalada liende kwa mwendesha mashtaka leo hii, kabla ofisi hazijafungwa."

"Nipe mpaka jioni."

"Jioni ni hiyo unayoiona inakuja," alisema mkuu, akaenda zake.

*

Simu ya Sikio ilionyesha namba aliyopiga jana: duka la vipuri lililo jirani na karakana. Alianzia hapo. Muuzaji alikuwa mtu mnene, mchangamfu, amezungukwa na matairi kama mfalme.

"Karibu, mama. Unatafuta nini?"

"Fundi Sikio alikupigia simu jana?"

"Alinipigia. Si ndiye kaagiza pumzi?"

"Kaagiza nini?"

"Pumzi." Muuzaji aligeuka, akashusha kutoka rafuni chujio la koni, jekundu, jipya, ndani ya mfuko wa nailoni. "Hizi. Hapa mtaani hakuna anayeziita machujio, wote wanasema pumzi. Akaniambia, nitunzie moja ya mdomo mpana, ile niliyompa shemeji sijui ina ugonjwa gani, kesho namfungia pumzi nyingine, yaishe. Nikamcheka. Nikamwambia wewe utamfungia mpaka lini?"

Inspekta alisimama pale, chujio mkononi, akilitazama neno lenyewe likigeuka. Kufunga. Unafunga mlango, mtu asipite. Unafunga kipuri, kitu kifanye kazi. Neno moja, na kijana alikuwa mahabusu kwa sababu mama muuza chai alilisikia kwa maana ya mlango.

Alivuka barabara. Mama muuza chai alikuwa anasuuza vikombe.

"Neno 'nyingine' ulilisikia, mama yangu?"

"Nyingine gani?"

"Namfungia pumzi nyingine."

Mama aliacha kikombe majini. "Alikuwa anakunywa chai hapa, birika linachemka, mwanangu. Nilisikia pumzi. Nilisikia yaishe." Akajifuta mikono kwenye nguo. "Kwani nimeua mtu?"

"Bado. Hebu niambie, hawa wawili walikuwa na ugomvi?"

"Ugomvi wa kutaniana. Mshale akija analalamika: shemeji, umeniharibia punda wangu, asubuhi hata mlima hapandi. Sikio anawasha, pikipiki inaimba! Haina hata kikohozi. Vijana wote wanaangua kicheko. Wanamwambia, fundi, punda akikuona anapona."

"Kila mara?"

"Kila mara. Na alikuwa anakuja kama mvua, bila taarifa. Unashtukia yuko mlangoni. Kijana wa watu akabaki anakuna kichwa, anabadili hiki, anabadili kile."

Inspekta alitembea polepole kurudi kwenye gari. Ugonjwa uliojua siku ya kwenda kwa daktari. Fundi hakuijua siku hiyo. Basi nani aliijua?

Simu ililia. Alikuwa mama yake, aliyebaki na mtoto.

"Amenyonya maziwa uliyoacha, kalala. Usihangaike."

"Na hii baridi, mama?"

"Nimemvika kofia na soksi zile za bluu. Mimi nimelea watano, wewe umelea mmoja, halafu unaniuliza baridi!"

Inspekta akacheka, akakata simu.

*

Mkaguzi wa magari wa polisi alikuwa ameisimamisha pikipiki katikati ya banda. Usukani ulikuwa umepinda, taa imevunjika, lakini injini ilikuwa nzima. Juu ya kitambaa cheupe alikuwa ameweka plagi.

"Njoo uone," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeonyesha lulu. "Plagi ni ulimi wa injini. Daktari anakwambia toa ulimi, si ndiyo? Ukimpa injini hewa nyingi bila kumwongezea petroli, ulimi unakuwa mweupe. Inaungua kwa ukame, inachemka, inakosa nguvu. Ndilo kosa la kila mtu anayebadili chujio akasahau jeti ya kabureta, kile kitundu cha kupitishia petroli. Nilipoona koni hii nikasema haya, ndilo hilo. Nikafungua. Tazama."

Ncha ya plagi ilikuwa nyeusi tii, imeota masizi laini.

"Hii imeshiba petroli mpaka ikapaliwa," Mkaguzi aliendelea. "Nikafungua kabureta. Yule kijana alikwishaweka jeti kubwa, saizi yake hasa, na sindano ameipandisha petroli ipite zaidi. Kazi safi. Sasa kama petroli iko sawa na ulimi ni mweusi, maana yake nini?"

"Hewa haikuingia."

"Hewa haikuingia! Lakini chujio hili ni safi kama nguo ya harusi. Subiri." Aliweka plagi mpya, akapiga kiki. Injini iliwaka kwa mara ya pili, ikatulia, ikanguruma vizuri. "Lete mkono."

Inspekta alisogeza kiganja karibu na koni. Hakugusa. Hata hivyo alihisi: upepo mdogo unapita kati ya vidole, unaingia, unaingia, na kila mlio ulikuwa mkupuo mmoja wa hewa. Alisogea tena. Koni ikakivuta kiganja chake, kwa nguvu laini isiyo na haya, kama mtoto anavyovuta titi. Aliduwaa. Kumbe kitu hiki cha chuma kilikuwa kinanyonya. Kilikuwa kinameza mbingu kidogo kidogo na kuigeuza mwendo. Amepanda pikipiki maisha yake yote, na hajawahi kujua kwamba kasi ni pumzi tu.

"Sasa funika," alisema Mkaguzi.

Alifunika. Khoo! Khoo! Ekzosi ilitema moshi mweusi, injini ikazima. Banda likawa kimya kabisa.

"Kulikuwa na kitu hapo," Inspekta alisema, mkono bado uko juu ya koni. "Kimelifunika chujio, kisha kikaondolewa. Ndicho alichochomoa."

Aliinama na tochi. Bendi ya chuma inayoshika koni kwenye kabureta ilikuwa na skrubu yenye kona kali. Kwenye kona hiyo kulikuwa na uzi. Akauchomoa kwa koleo dogo. Uzi wa sufu, wa njano, umelowa, laini kiasi kwamba vidole vyake viliutambua kabla macho hayajautambua.

Hakuna anayefumia mtu mzima kwa uzi laini namna ile.

*

Mke wa Mshale alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbi wa hospitali, mbele ya mlango wa wodi. Kichanga kilikuwa kifuani mwake, kimelala. Inspekta aliketi kando yake bila kusema. Kupitia kioo waliweza kumwona Mshale, barakoa ya oksijeni usoni, kifua kinapanda na kushuka.

"Wanasema ataamka," mke alinong'ona. "Daktari anasema leo au kesho."

"Tumshukuru Mungu."

"Na mdogo wangu, afande? Yuko wapi?"

"Mahabusu. Amesema tuandike ni yeye."

Mwanamke alifunika mdomo kwa kiganja.

Inspekta alimtazama mtoto. Sweta la njano, limefumwa kwa mkono, vifungo vidogo vyeupe. Soksi za njano. Na kichwa, siku ile ya manyunyu, kimezungushiwa kitambaa cha kufutia maziwa.

"Umefuma mwenyewe?"

"Mwenyewe. Mimba ikiwa kubwa sina la kufanya. Uzi aliniletea mdogo wangu."

"Ni seti?"

"Ndiyo, ni se..." Neno lilikatika.

"Dada," Inspekta alisema kwa upole, "kofia iko wapi?"

Ukumbini mtu alipita na ndoo, maji yanacheza. Mwanamke alingoja apite. Kisha mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo ambao ameubeba kwa meno.

"Amekuonyesha?"

"Hajasema neno. Yuko tayari kufungwa asiseme. Nataka niisikie kwako. Lakini nakuonya kwanza: si lazima useme, na utakalosema nitaliandika."

"Andika." Alimkaza mtoto kifuani. "Afande, wewe una mtoto?"

"Ninaye."

"Basi utanielewa, au utanihukumu zaidi. Mume wangu tangu awekewe lile chujio alikuwa kama aliyepewa mbawa. Akirudi ananihadithia: mke wangu, leo nimewahi, damu ya mtoto fulani imefika bado ina ubaridi, imepimwa, ameshaongezewa damu, yuko hai. Macho yanang'aa! Nitamwambiaje aache? Na mimi kila akiondoka nasimama dirishani nasikia ule mlio unapanda mlima, nahesabu kona. Nikamuuliza mdogo wangu, siri ya mwendo wote huu ni nini? Akacheka. Akaniinamisha pale ubavuni akanionyesha. Dada, ni pumzi. Ukimpa pumzi anaruka, ukimbana analala."

"Ukambana."

"Kidogo tu! Nilitafuta kitu cha kumvika. Kofia ya mtoto ikaingia pale, ikakaa sawasawa, kama imefumiwa hapo. Nikarudisha kifuniko. Asubuhi akaondoka, nikasikia mlio umekuwa mzito, unakwenda pole, pole. Afande, siku hiyo nilikunywa chai yangu ikiwa ya moto."

"Na siku za karakana?"

"Ananiambia: kesho napitia kwa shemeji. Naivua. Anarudi anasema imepona, kesho yake naivika. Nilijua wanamcheka mdogo wangu. Niliona aibu. Nikajisemea, acha wamcheke, bora wote wawepo wa kuchekana."

"Na leo?"

"Leo kulikuwa na manyunyu." Machozi yalianza kumtiririka, lakini sauti haikutetereka. "Barabara ina utelezi, nikasema leo ndiyo hasa. Nimefuma mimi, nimeosha mimi, sikujua kwamba sufu ikilowa inafunga kabisa. Nilitaka apunguze. Sikutaka asimame. Nilitaka tu awe anarudi."

Inspekta alikuwa na kalamu mkononi na hakuwa ameandika mstari. Alimtazama mwanamke huyu aliyemvua mwanawe kofia ili amvike mumewe usalama, na akafikiria yule kijana kituoni, aliyeingiza mkono ubavuni mwa pikipiki iliyoanguka, akagusa sufu aliyoinunua mwenyewe, na papo hapo akaelewa kila kitu: asubuhi nzito, vicheko vyote, dada yake. Kabla grisi haijamkauka mikononi alikwishaamua atabeba yeye. Kitu kama hofu kilimpita Inspekta, lakini haikuwa hofu. Ilikuwa ile anayoipata akiinama juu ya kitanda cha mwanawe.

"Nitaandika yote kama ulivyosema," alisema hatimaye. "Yote, na sababu yake. Ulivyofanya ni kosa, na mtu alikuwa afe. Mwendesha mashtaka ndiye atakayepima. Lakini jalada halitasema ulitaka kuua, maana si kweli."

"Na mdogo wangu?"

"Kwa kuficha kielelezo ana la kujibu. Ila la kuua halimhusu."

Alipiga simu kituoni. Baada ya muda sauti ya Sikio ilisikika, imekwaruza.

"Fundi, dada yako amesema. Wewe pumua."

 Upande wa pili kijana akaachia pumzi kama tairi lililotolewa pini, na katikati yake akaanza kulia.

"Kofia iko ndani ya tanki bovu, karakana, juu ya kabati," alisema. "Afande, nilidhani mimi ndiye sijui kazi. Mwezi mzima nilidhani masikio yangu yamekufa."

"Masikio yako ni mazima. Ulikuwa unasikiliza injini."

Mlango wa wodi ulifunguliwa. Muuguzi alitoa kichwa. "Mke wa mgonjwa? Amefumbua macho."

Mwanamke alisimama, akasita, akamtazama Inspekta.

"Nenda. Mimi nitakuwa hapa."

Inspekta alibaki mlangoni. Mshale alikuwa mweupe kwa vumbi la plasta, mguu umeinuliwa, macho mazito lakini yapo. Midomo ilicheza chini ya barakoa. Mke aliinama.

"Chupa?" Mshale aliuliza.

"Zimefika zote. Hakuna iliyovunjika."

Alifumba macho, akayafumbua. "Pikipiki... ilikuwa na nini?"

Mke alivuta pumzi. Akainama mpaka mdomo ukagusa sikio lake, akaanza kumwambia. Inspekta hakusikia maneno. Aliona tu mgongo wa mwanamke ukitetemeka, na uso wa Mshale ukimsikiliza muda mrefu, bila kugeuka, bila kukunjamana. Kifua kilipanda, kikashuka. Kwa kitambo hakikupanda, na Inspekta naye akajikuta amebana pumzi yake.

Kikapanda tena.

Kitambaa kilikuwa kimeteleza kutoka kichwani mwa mtoto. Mshale alikiona kichwa kile kidogo, kiko wazi kwenye ubaridi wa wodi. Akainua mkono, taratibu, pamoja na mpira wa dripu na kila kitu, akakunjua kiganja chote, akakifunika kichwa kile.